Popo wa Chokoleti kwa Asali ya Tabora: Vitamu vya Halloween vya Kutengeneza na Watoto

Mwisho wa Oktoba ni wakati mgumu kwa chokoleti hapa Tabora. Mvua bado hazijaanza vizuri, jua linachoma tangu saa tatu asubuhi, na kipande ulichonunua mjini kinafika mtaani kwetu Cheyo kimeshalegea ndani ya karatasi yake. Maelekezo mengi ya vitamu vya Halloween yameandikwa na watu wa nchi za baridi: yeyusha, mimina, acha mezani igande. Mezani kwetu haigandi. Siagi ya kakao, ambayo ndiyo inayoipa chokoleti ugumu, huyeyuka joto likikaribia nyuzi 34 za Selsiasi, na huanza kulegea kabla ya hapo. Mchana wa Oktoba huku unapita nyuzi 30. Kwa hiyo nitaeleza tunavyofanya nyumbani kwangu na wanangu, kwa vitu vinavyopatikana hapa hapa.

Nauza asali. Inanijia kwa madumu kutoka kwa wafugaji nyuki wa Sikonge, naichuja, naijaza kwenye chupa. Asali ndiyo iliyonipa njia ya kutengeneza chokoleti inayofinyangika mkononi mwa mtoto, na hiyo ndiyo sehemu nitakayoieleza kwa urefu.

Desturi yenyewe, na tulivyovikataa

Halloween iliingia nyumbani kupitia kwa dada yangu anayeishi Marekani, ambaye wanangu wanamwita mama mkubwa. Kule, jioni ya tarehe 31 Oktoba watoto huvaa mavazi ya kuigiza na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba vitamu. Mlangoni huwekwa boga lililochongwa macho na mdomo, na ndani yake mshumaa. Desturi ilitoka Ayalandi na Uskoti, na wahamiaji wakaipeleka Marekani karne ya 19. Kwao walikuwa wakichonga mboga za mizizi, ngumu kwelikweli. Walipofika ng'ambo wakakuta maboga, makubwa na rahisi kukwangua, na boga likawa alama ya siku hiyo mpaka leo. Wanangu walipoona picha za watoto wa mama mkubwa, na wao wakataka.

Sisi ni Wakatoliki. Tarehe hiyo hiyo kwetu ni mkesha wa Watakatifu Wote, na keshokutwa yake, tarehe 2 Novemba, tunawaombea Marehemu Wote. Siku yenyewe haikuwa ngeni, ila haikuwa na chochote cha jikoni. Nikamwomba ruhusa mama mkwe wangu, maana tunaishi naye, akakubali kwa masharti mawili. Marehemu hawachezewi, kwa hiyo pasitengenezwe kaburi, fuvu wala jeneza la chokoleti. Na bundi asiingie nyumbani, hata wa kuliwa. Tumeyashika yote mawili.

Sharti la tatu ni langu. Katika mapambo ya Halloween yamo mengi ya kikongwe mchawi mwenye kofia ndefu na pua iliyopinda. Mimi siwafundishi wanangu kumfinyanga kikongwe huyo. Kanda hii yetu, Unyamwezini na Usukumani, wanawake wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao ni mekundu, na wekundu ule umetokana na miaka mingi ya moshi wa kuni. Mtoto anayekulia Tabora asifundishwe kwa sukari kwamba bibi mwenye makunyanzi ni wa kuogopwa. Yule bibi ni wa kupelekewa sahani ya kwanza.

Tukabaki na popo, buibui, paka mweusi na boga. Popo hasa ni wa kwetu. Tabora ni mji wa miembe, ile mikubwa ya zamani, na maembe yakianza kukomaa popo wanakuja usiku kuyatafuna. Asubuhi unaokota kokwa na maganda uani. Watoto wanajua anavyoning'inia na wanajua bawa lake ni ngozi, halina manyoya. Mtoto hufinyanga vizuri kitu alichokiona kwa macho yake.

Saa ya kupika ndiyo nusu ya kazi

Mji wetu uko juu, takribani mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na hilo ndilo linalotuokoa. Mchana ni moto lakini usiku hewa inashuka. Alfajiri ya Oktoba mara nyingi inakaribia nyuzi 20, na kwa chokoleti hiyo ni hali nzuri kabisa. Sisi tunayeyusha usiku, chakula kimekwisha kuliwa na jikoni kumepoa. Tunafinyanga saa kumi na mbili asubuhi, jua halijapanda. Kuanzia saa nne hakuna anayegusa chokoleti. Mchana ni wa vidonge vya biskuti, ambavyo havisumbuliwi sana na joto. Tarehe 31 ikiangukia siku ya shule, fanyeni kazi hii Jumamosi na Jumapili iliyotangulia. Vitu hivi vinakaa.

Kama huna friji, au umeme kwenu ni wa kukatika, tengeneza sehemu ya baridi kwa mchanga. Chukua beseni pana, weka mchanga msafi, umwagie maji mpaka uloe bila kuogelea. Juu yake kaza sinia la bati, panga vitamu vyako kwenye sinia, kisha funika kwa sufuria kubwa iliyovishwa kitambaa kilicholoweshwa. Weka kivulini mahali penye upepo. Maji yanapokauka yanachukua joto na kuondoka nalo. Hewa ya Tabora kabla ya mvua ni kavu, kwa hiyo ujanja huu unafanya kazi vizuri. Mvua zikishakolea na hewa ikajaa unyevu, nguvu yake hupungua sana. Angalia tu kitambaa kisidondoshee maji ndani ya sinia.

Wenye friji wana tahadhari yao. Chokoleti iliyotoka kwenye baridi ikikutana na hewa ya joto hutoa jasho, na jasho hilo likikauka linaacha chengachenga za sukari juu yake. Ihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko, na ukiitoa usifungue mfuniko mpaka chombo kimeacha baridi.

Ununue nini

Chokoleti ziko za aina mbili na lazima ujue umeshika ipi. Ya kwanza imetengenezwa kwa siagi ya kakao. Ya pili mafuta yake ni ya mimea mingine, na wapika keki wanaiita kampaundi. Inauzwa kwa vibao kwenye maduka ya vifaa vya keki. Soma nyuma ya karatasi, imeandikwa. Kampaundi inaganda yenyewe bila masharti, na kwa buibui ndiyo ninayoitumia. Kwa udongo wa kufinyanga, yaani ile chokoleti ya asali, natumia chokoleti halisi nyeusi, isiyo na maziwa mengi, kwa sababu asali ni tamu tayari na uchungu wa kakao unaipokea vizuri. Ukikuta chokoleti dukani imepata ukungu mweupe juu, usiitupe. Huo mara nyingi ni mafuta yake yaliyopanda juu kwa sababu ya joto la njiani. Inalika, na ukiiyeyusha ukungu unapotea.

Kakao ya unga nayo isome. Kuna ya kunywa, ambayo imeshachanganywa na sukari, na kuna kakao tupu. Hapa tunataka tupu. Nchi yetu inalima kakao nzuri, hasa Kyela mkoani Mbeya na sehemu za Morogoro, na ukipata ya unga iliyosagwa hapa nchini, inunue bila kusita.

Karanga tunazo, sina haja ya kukufundisha soko. Nasema moja tu: zichambue. Iliyosinyaa, yenye rangi isiyoeleweka au harufu ya uvundo, itupe, maana ndiyo inayobeba sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, na sumukuvu haiondoki kwa kukaanga. Kazi hii ya kuchambua mpe mtoto mwenye macho makali, kisha upitie nyuma yake.

Vilivyobaki ni vya kawaida: biskuti za chai, maziwa ya unga, siagi ya kupaka, tambi nyembamba, ufuta mweupe, nazi, karoti moja. Karatasi ya kuokea si lazima. Kata jani la mgomba, lifute kwa kitambaa kibichi, kisha ulikaushe kabisa kwa kingine. Chokoleti ikiganda juu ya jani inabanduka bila kung'ang'ania, na upande uliogusa jani unatoka unang'aa.

Kuyeyusha

Hapa mkubwa anashika mwiko, watoto wanakata. Chokoleti ikatwe vipande vidogo kwa kisu juu ya ubao mkavu. Chemsha maji vidole viwili kwenye sufuria, kisha punguza moto. Kama ni jiko la mkaa, funika makaa kwa majivu. Juu ya sufuria weka bakuli la bati au la kioo kinene, ambalo kitako chake hakigusi maji. Mvuke ndio unaoyeyusha. Tia chokoleti, acha itulie kidogo, kisha koroga taratibu. Vikibaki vipande vichache havijayeyuka, ondoa bakuli motoni, vitamalizikia kwa joto lililobaki. Chokoleti iliyopata moto mkali inakuwa nzito na chengachenga, harufu yake inageuka, na hapo hakuna dawa.

Adui wa pili ni maji. Tone moja kutoka kwenye mwiko mbichi au kwenye mfuniko linatosha kuifanya chokoleti yote ishikamane na kuwa mabonge. Sukari na kakao ndani ya chokoleti vimezungukwa na mafuta. Likiingia tone la maji, chembe zile zinalowa na kunatana. Kwa hiyo bakuli, mwiko, kisu na mikono vyote viwe vikavu, na usifunike bakuli likiwa juu ya mvuke. Ikitokea imeshikamana, usiitupe. Ongeza maziwa ya moto kijiko baada ya kijiko huku ukikoroga, itarudi kuwa laini, lakini itakuwa mchuzi wa kumwagia keki au ndizi. Haitaganda tena.

Ukitumia chokoleti ya siagi ya kakao kwa vitu vya kumimina na unataka ing'ae na ikatike kwa mlio, kuna hatua ya ziada. Yeyusha theluthi mbili, ondoa motoni, kisha tia theluthi iliyobaki ikiwa imekatwa ndogondogo, koroga mpaka vyote viyeyuke na chokoleti ipoe hadi kama nyuzi 31. Kipimajoto si lazima: weka tone kwenye mdomo wa chini, usipohisi moto wala ubaridi, ni tayari. Paka kidogo kwenye bapa la kisu. Ikikauka ndani ya dakika chache na kung'aa, endelea. Hii ifanye alfajiri. Mchana usijisumbue.

Udongo wa chokoleti na asali

Sasa lile la maji nililolisema lina upande wake mzuri. Asali iliyoiva ina maji kidogo, kama asilimia 17 hadi 20, na sukari nyingi. Ukiitia kwenye chokoleti iliyoyeyuka, chokoleti inakaza, lakini kwa namna ya utulivu: inageuka donge laini linalofinyangwa kama udongo wa chungu, na linashika umbo hata kwenye chumba chenye joto ambacho chokoleti tupu ingelegea.

Kwa gramu 200 za chokoleti nyeusi tumia vijiko vinne vya chakula vya asali, vya kusawazisha. Ikiwa ni chokoleti ya maziwa, vijiko vitatu vinatosha. Asali iwe ya vuguvugu, ipate joto linalolingana na la chokoleti. Weka chupa kwenye bakuli la maji ya vuguvugu kwa muda. Usiibandike asali motoni, inapoteza harufu yake, na harufu ya asali ya misitu ya miombo ndiyo tuliyoifuata hapa. Iwapo asali yako imeganda chupani, hiyo si dalili ya kuchakachuliwa. Asali halisi huganda, na maji ya vuguvugu yanairudisha. Ninachokuomba ukwepe ni asali iliyovunwa mbichi, nyepesi, inayotiririka upesi kutoka kwenye kijiko: maji yake ni mengi na donge litanata mikononi. Asali iliyoiva inashuka kwa uzi mmoja mzito, na uzi huo unajikunja juu ya sahani kabla ya kutandazika.

Mimina asali yote kwa pamoja kwenye chokoleti iliyoyeyuka na kuachwa ipoe kidogo. Koroga kwa mwiko kutoka pembeni kuja katikati. Utaona inakuwa nzito ghafla na kuanza kuachana na kuta za bakuli. Hapo simama, hata kama mkono unataka kuendelea, kwani ukikoroga sana mafuta yanajitenga na kuchuruzika. Yakichuruzika kidogo yaache. Yatarudi ndani ukikanda asubuhi. Mwaga donge kwenye jani la mgomba, libonyeze liwe bapa, likunje ndani ya jani, funga, weka mahali pa baridi mpaka asubuhi.

Asubuhi litakuwa gumu. Katia kila mtoto kipande kidogo, akikande kiganjani mpaka kilainike. Mkono wa mtoto una joto la kutosha. Kikianza kunata na kung'aa kwa mafuta, akiweke chini, aoshe mikono kwa maji baridi, aikaushe, kisha aendelee. Badala ya unga wa kunyunyizia, tumia kakao tupu.

Popo na paka

Sukuma donge kwa kile kijiti cha chapati mpaka liwe na unene wa sarafu mbili zilizopandana. Kata duara kwa mdomo wa kikombe cha kahawa, kisha ligawe katikati: hayo ni mabawa mawili. Ule upande ulionyooka ung'ate mara mbili kwa ukingo wa kizibo cha soda, utapata zile pinde za bawa la popo. Mwili ni donge dogo la mviringo, lenye masikio yaliyofinywa kwa ncha za vidole. Mabawa yabandike mgongoni kwa kubonyeza tu, bila gundi. Macho ni punje mbili za ufuta. Gramu 200 za chokoleti zinatoa popo wadogo kama ishirini, kutegemea mfinyanzi.

Mwanangu wa pili hakubali popo aliyelala kifudifudi. Popo hulala amening'inia, kwa hiyo yeye huwatoboa mgongoni kwa kijiti, hupitisha uzi wa pamba na kuwafunga kwenye tawi dogo la mwembe lililosimamishwa kwenye chungu. Fanya hivyo jioni tu, na uzi utolewe kabla ya kula.

Paka ni rahisi zaidi: donge kubwa la mwili, dogo la kichwa, mkia mrefu uliozungushwa miguuni. Mkia uwe mnene kuliko unavyodhani inafaa, ukiwa mwembamba unakatika.

Buibui wa karanga

Hii ndiyo ya watoto wadogo, kwa sababu haikosei. Karanga kavu, zilizokaangwa na kumenywa, gramu 150. Chokoleti ya kampaundi iliyoyeyuka, kiasi hicho hicho. Tambi zikaange kavukavu kwenye sufuria bila mafuta mpaka ziwe kahawia, huku ukizigeuza, kisha zivunje vipande vya urefu wa kidole cha mtoto. Changanya karanga na chokoleti, chota kwa kijiko cha chai, weka kwenye jani la mgomba. Kabla haijakauka chomeka miguu, minne kila upande. Waache wahesabu wenyewe. Mwenye miguu sita ni mdudu wa aina nyingine, buibui ana minane, na mzozo wa mezani kuhusu hilo ni mzuri kuliko somo la darasani. Macho ni ufuta. Alfajiri wanakauka haraka. Mchana uwaweke kwenye sinia la mchanga.

Vidonge vya biskuti, kazi ya mchana

Saga gramu 200 za biskuti za chai. Sisi tunatwanga kwenye kinu kilichooshwa vizuri na kuanikwa, kwa sababu kinu chenye harufu ya kisamvu kitakuharibia kila kitu. Ongeza vijiko vitatu vya chakula vya kakao tupu, vinne vya maziwa ya unga, na konzi ya karanga zilizosagwa. Yeyusha gramu 80 za siagi ya kupaka, changanya na vijiko vitatu vya asali, mimina kwenye unga, kanda. Ukibonyeza donge kiganjani na likapasuka pembeni, ongeza kijiko kimoja cha maziwa yaliyochemshwa na kupoa. Viringisha. Yanapatikana madonge kama ishirini na tano.

Haya ndiyo yanayokuwa maboga. Kuna karoti kwenye orodha yangu kwa ajili hiyo: ikune, ikamue kwenye kitambaa, juisi yake uichanganye na nazi iliyokunwa, kisha ukaushe nazi kwenye sufuria kwa moto mdogo sana huku ukikoroga, mpaka iachane. Inatoka na rangi ya chungwa iliyotulia. Nilishaulizwa kwa nini nisitumie mawese ya Kigoma, yenye rangi nzuri kuliko karoti. Mawese nayapenda, lakini yana harufu yake, na pahala pake ni kwenye maharage na mboga. Vingirisha donge ndani ya nazi, bonyeza kidogo juu, chora mistari ya boga kwa mgongo wa kisu, chomeka karafuu moja iwe kikonyo. Mlaji aitoe karafuu kabla ya kutafuna, mwambie mapema.

Kwa sababu ya nazi na maziwa, maboga haya yaliwe siku mbili tu kama hayapo kwenye friji. Popo na paka wakifungwa vizuri wanakaa wiki mbili na zaidi.

Mwenye friza

Chukua ndizi mbivu zilizo imara bado, zimenye, zikate nusu, chomeka kijiti cha mshikaki kilichokatwa ncha, zigandishe usiku kucha. Yeyusha gramu 150 za chokoleti pamoja na vijiko viwili vya mafuta ya nazi. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, kwa hiyo kwenye vitu vya kukaa mezani hayafai huku kwetu, lakini juu ya ndizi iliyoganda yanakaza papo hapo. Chovya nusu ya chini tu. Nusu ya juu iliyobaki nyeupe iwekewe macho mawili ya chokoleti kwa ncha ya kijiti. Mle mara moja.

Wadogo, wenye mzio, na mbwa

Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali hata kidogo, wala kitu kilichotiwa asali. Nasema hivi nikiwa muuza asali. Ndani ya asali safi kabisa huweza kuwamo mbegu za bakteria ambazo tumbo la mtu mzima linazimudu, lakini kwenye utumbo wa mtoto mchanga huamka na kutoa sumu inayolegeza misuli, hata ya kupumulia. Kwa watoto walio chini ya miaka mitano karanga nzima zinapalia. Watengenezee buibui wao kwa karanga zilizosagwa. Na unapopeleka sahani kwa jirani, taja kwa mdomo kwamba kuna karanga na ufuta, maana wapo wanaodhurika navyo na huwezi kujua kwa kumtazama mtu.

Mbwa asionjeshwe. Kwenye kakao kuna kitu kinaitwa theobromini. Mwili wa binadamu unakiondoa upesi, wa mbwa unachelewa, na chokoleti nyeusi ndiyo yenye kingi zaidi. Vipande vilivyoanguka sakafuni vifagiliwe kabla mlango wa uani haujafunguliwa.

Kugawa

Hatupiti kwa watu kugonga na kuomba. Tumegeuza: watoto wanapeleka. Jioni ya tarehe 31, jua likishazama na kupoa, kila mmoja anapewa kisahani kilichofunikwa kwa kitambaa na nyumba zake. Bibi wa mtaani anayeishi peke yake ni wa kwanza, kama nilivyosema. Mtaa wetu una Waislamu na Wakristo, kwa hiyo kwenye vitamu hivi hatutii kilevi cha aina yoyote wala rangi tusiyoijua imetokana na nini, na mtoto anafundishwa kusema kilichomo. Mwenye kisukari anapelekewa karanga kavu za kukaanga, asirukwe.

Kama safari ni ndefu, mfano kuwapeleka mitaa ya Ng'ambo au Isevya kwa bodaboda, tumia chombo cha kutunzia chakula cha moto. Kile kile kinachozuia joto lisitoke kinazuia lisiingie. Kiweke kwanza usiku kikiwa wazi kipoe, kisha alfajiri panga vitamu ndani, karatasi katikati ya kila tabaka, funga, na usikifungue mpaka ufike.

Mabaki ya udongo wa chokoleti, zile pembe zilizokatwa, usiyakande tena zaidi ya mara mbili, yanakauka. Yakate vipande, yatie kwenye maziwa ya moto, koroga mpaka yayeyuke. Bakuli lenye chokoleti iliyoganda nalo usilioshe kwa maji baridi, yataigandisha zaidi kwenye kuta. Mimina humo maziwa ya moto kwanza, kunyweni, ndipo mlioshe.